Mwaka Baba Alipong'atuka

Kengele ya kigango chetu ilikuwa kipande cha reli. Kilining'inizwa kwa waya kwenye tawi la mwembe mbele ya kanisa, na nondo ya kukigongea ilichomekwa kwenye panda la mti, juu kuliko mkono wa mtoto, ili tusije tukawaita watu kusali saa ya kuchunga. Kikigongwa kilisikika hadi ng'ambo ya mbuga. Upepo ukiwa upande wao, hata watu wa Kwihara walikisikia.

Baba yangu alikuwa katekista pale tangu kabla sijazaliwa. Paroko alifika mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali. Jumapili zilizobaki ziliongozwa na baba, na yeye ndiye aliyefundisha wakatekumeni, akazika, akasuluhisha ndoa zilizotetereka, akaandika majina ya waliozaliwa na waliokufa katika daftari lililojaladiwa kwa gunia. Mshahara wake ulikuwa debe la mahindi wakati wa mavuno, na asali watu wakirina. Vitabu vyake vilichapwa hapo hapo Kipalapala, kwenye mtambo wa TMP, na alipoletewa kipya alikifungua katikati akakinusa kwanza kabla ya kusoma.

Tuliishi kando ya njia ya zamani. Aliyezaliwa Tabora hahitaji kuelezwa ni njia gani. Ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikafika kwetu Unyanyembe, na kutoka hapo ikagawanyika: moja Ujiji na Manyema, nyingine kusini-magharibi kuelekea Karema, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea miezi mitatu hivi kutoka pwani, kila mmoja na frasila mbili, yaani kilo 32 au zaidi, begani. Maneno yao tuliyatumia kila siku bila kujua yametoka wapi. Mama aliposema tumepiga terekeza, alikuwa na maana kwamba tumetembea mchana kutwa tukalala bila maji. Mnyapara alikuwa yule anayesimamia vibarua wa tumbaku. Posho ilikuwa unga wa shuleni. Na miembe iliyosimama mistari mistari porini, mahali pasipo na nyumba, ilituonyesha misafara ilipopita.

Kisima chetu kilikuwa bondeni. Msichana wa miaka kumi na mitatu hawezi kujitwika debe lililojaa, lina lita ishirini, kwa hiyo tulitwikana. Namna yake ni hii. Unaviringa kanga kuukuu kuwa ngata, unaiweka utosini, kisha unapiga magoti mawili kwenye tope. Ukisimama, mwenzako hawezi kukufikishia debe kichwani. Ukiinama kiuno tu, maji yanamwagika mgongoni. Lazima magoti yaguse chini. Mwenzako analinyanyua, analiweka, anashikilia mpaka utakapopata mizani, halafu wewe unainuka polepole, mguu mmoja kwanza, na shingo imenyooka kwa sababu haina jinsi nyingine. Nilikuwa mfupi kuliko wenzangu wote. Lakini nikishatwikwa niliiona njia yote ya kwenda nyumbani juu ya nyasi, hadi kwenye mwembe.

Mama wa baba aliishi nasi. Mama yake yeye, nyanya mkuu ambaye sikumwona, aliletwa Tabora kutoka Manyema akiwa na umri kama wangu, shingoni kongwa. Sitaki msomaji apite haraka juu ya neno hilo. Kongwa ni gogo lenye panda. Shingo huingizwa katika panda, panda hufungwa kwa kijiti au chuma, na mkia wa gogo hushikwa na anayetembea nyuma. Watu waliokuwa hivyo walibebeshwa pia pembe za ndovu. Kwa mbali, bibi alisema, usingemjua mpagazi wa kuajiriwa na mtumwa: wote wako mstari mmoja, wote wana mzigo, wote wana vumbi. Wajerumani walikuja, wakajenga boma lao, wakaleta reli, na utumwa hawakuufuta. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Bibi alikuwa msichana tayari. Alikumbuka siku mama yake alipoambiwa kwamba ni huru: akauliza, toka lini?

Kwa hiyo kila Jumapili ya Matawi bibi alitoka nje.

Alikuwa Mkristo hodari, mwenye rozari iliyolainika kwa vidole. Lakini siku ile somo la pili ni lile la Mtume Paulo kwa Wafilipi, linaloeleza jinsi Kristo, aliyekuwa sawa na Mungu, alivyojivua yote akatwaa hali ya mtumwa, akanyenyekea, akatii mpaka kufa msalabani, na jinsi Mungu kwa ajili hiyo alivyomkweza juu kabisa. Baba alipofungua kitabu, bibi aliinuka, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa chini ya mwembe. Watu walimpisha. Somo likiisha alirudi, kwa sababu baada yake husomwa Mateso, na katika Mateso yumo Simoni Mkirene, aliyekamatwa akitoka shamba akabebeshwa msalaba. Bibi alimpenda Simoni kuliko mitume wote kumi na wawili. Alimwita mpagazi.

Mwanzoni mwa Kwaresima ya 1985, Kwaresima ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, kijana mmoja alifika kwa baiskeli na barua. Ilikuwa ya mistari mitatu. Ilisema kwamba kigango kimepata katekista mwingine, aliyehitimu mafunzo, na kwamba baba amkabidhi funguo na daftari Jumapili inayofuata. Haikuwa na neno la asante. Baba aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Mama alianza kusema na hakumaliza hadi usiku. Ishirini na saba, alirudia. Miaka ishirini na saba.

Ule ulikuwa mwaka wa watu kushuka. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, St. Mary's, kabla ya siasa, alikuwa ameshatangaza kwamba hatagombea tena, na neno kung'atuka, alilolitoa kwao Uzanaki, lilikuwa midomoni mwa kila mtu mwenye redio. Askofu Mkuu Marko Mihayo, aliyelichunga jimbo letu kuu tangu 1960, naye alipumzika mwaka ule, na mwezi wa tatu akatangazwa Mario Mgulunde. Basi majirani walipomkuta baba njiani walimwambia kwa wema: umeng'atuka, Katekista. Yeye alijibu taratibu, kama anayesahihisha mtoto darasani: "Mwalimu anang'atuka. Mimi nimeng'atuliwa."

Jumapili ile alikabidhi. Alilitia daftari mikononi mwa katekista mpya, naye kijana, akampa funguo mbili, akamwonyesha mahali paa linapovuja. Kisha akamwomba jambo moja mbele ya watu wote: kama itampendeza, yeye aendelee kugonga kengele na kufagia. Kijana aliona haya, akakubali. Tangu siku hiyo baba alitoka nyumbani alfajiri na ufagio wa chelewa begani.

Nilimchukia yule kijana na hakuwa amenikosea. Zaidi nilimkasirikia baba. Kwenye mafundisho ya kipaimara nilikaa nyuma kabisa, nikagoma kujibu maswali ambayo nilijua majibu yake kuliko mwulizaji. Nilimwona baba amefanywa mtu mdogo na ameridhia. Nyumbani nilimwambia, kwa utovu wa adabu ambao sikuwahi kuuonyesha kabla, kwamba angekataa. Hakunipiga wala hakunijibu.

Jumamosi kabla ya Matawi alinichukua kukata ukindu bondeni, upande wa Kwihara. Tulipojaza mizigo miwili alisema tupumzike kwenye tembe. Wengi wanalijua: nyumba ya udongo yenye paa bapa na ua katikati, mlango wake mzito wa mbao zilizochongwa, iliyojengwa upya mwaka 1957 na kuwekwa kumbukumbu za mpelelezi Livingstone, kwa sababu alikaa humo mwaka 1872, kwanza na Stanley, halafu peke yake miezi kadhaa akisubiri watu kutoka pwani, hadi alipoondoka mwezi wa Agosti na asirudi tena akiwa hai. Shule zililetwa pale kutazama. Mimi nilishaletwa, nikaandika insha juu ya Mzungu.

"Sikukuleta kwa ajili ya Mzungu," baba alisema. Akakaa barazani akaanza kuchambua makuti ya ukindu, na habari aliyonipa nimeisoma baadaye katika vitabu, nikaikuta ni ile ile.

Livingstone alikufa mapema Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliobaki naye walikuwa watu wake tu, wapatao 60. Bwana wao amekufa. Hakuna wa kuwaamuru, hakuna wa kuwalaumu, na bidhaa zote ziko mikononi mwao. Wangeweza kumzika pale, wakagawana nguo na bunduki, kila mtu akashika njia yake. Abdullah Susi na James Chuma wakaita baraza, na wote wakakubaliana wamrudishe kwao. Moyo wake waliuzika chini ya mti, na Jacob Wainwright akachonga maandishi kwenye gome. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku kumi na nne, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakaufunga kwenye mti wa kubebea. Kisha wakatembea. Halima, mpishi, alikuwa pamoja nao. Kwa sababu ya Halima nilisogea karibu.

Mwezi wa Oktoba wakafika hapa Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Akawashauri wamzike papa hapa: njia ya Ugogo ina hatari, watemi hawataki maiti ipite kwao. Alikuwa ofisa, na wao walikuwa wapagazi. Wakamsikiliza kwa heshima, wakakataa.

"Umesikia?" baba aliniuliza. "Walikataa."

Na kweli mbele walizuiwa. Basi wakafanya hivi: wakakata mabua ya mtama, wakayazungushia nguo kama sanda, wakawatuma wenzao sita wayabebe kurudi Unyanyembe, watu wote waone kwamba maiti inarudishwa ikazikwe. Usiku wale sita wakayatupa mabua porini, wakarejea mmoja mmoja kwa njia za panya. Maiti yenyewe ilishafungwa upya, fupi na nene, ikafanana na mtumba wa nguo kama mitumba mingine ya msafara. Mtu ambaye majina ya maziwa na maporomoko yalimfanya mashuhuri Ulaya alipita Ugogo akiwa mtumba, begani mwa mtu ambaye hakuna aliyeuliza jina lake. Wakafika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa. Meli ikamchukua. Wao wakalipwa ujira wao, wakaambiwa basi. Kati yao wote ni Wainwright peke yake aliyekuwapo London tarehe 18 Aprili, siku ya maziko ya Westminster.

Baba alifunga mzigo wake wa ukindu. Akasema Chuma alikombolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa akiwa mvulana, na Wainwright naye alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa India. Susi alipobatizwa, Zanzibar mwaka 1886, ilikuwa miaka kumi na mitatu imepita tangu wachukue ule mzigo. Watu waliowahi kulazimishwa walijua vema kazi ya kulazimishwa ikoje, na hii haikuwa hiyo. Wengine hutii kwa sababu mnyapara yuko nyuma na kiboko. Hawa walitii mnyapara akiwa amekufa, na aliyekuja kuwa mnyapara mpya walimkatalia.

Tukiwa njiani, mizigo kichwani, alinieleza habari za Adrien Atiman, ambazo alifundishwa alipokuwa chuoni. Mtoto wa nchi za mto Niger, karibu na Timbuktu, alikamatwa akavushwa jangwa, na Mapadre Weupe wakamnunua kumtoa utumwani huko Algeria. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea uganga. Akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, daktari, huru, angeweza kuuza ujuzi wake mji wowote. Mwaka 1888 aliungana na msafara wa kutoka pwani ya mashariki, na mwaka uliofuata akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo alitibu watu na kufundisha katekisimu mpaka alipokufa mwaka 1956. Miaka 67 kituo kimoja. Hakuwa padre. Mwanawe Joseph ndiye aliyepata upadre, mwaka 1923, na baba yake akawa anapiga magoti mbele ya mtoto wake kupokea komunyo.

"Huyo alikuwa katekista," baba alisema, na hakuongeza kitu.

Nimekuwa mtu mzima, nimeishi mijini, na neno utii nimelisikia likitumika vibaya mno. Nimelisikia arusini, bibi arusi akiambiwa atii, na mwenye kusema amekwisha kuona alama za ngumi kwenye mkono wa binti yule. Nimelisikia jikoni kwa matajiri, msichana aliyetolewa vijiji vyetu vya Uyui na Sikonge akiambiwa kwamba Mungu huwapenda wanyenyekevu, na mshahara wa miezi minne haujalipwa. Huo si unyenyekevu wa Injili. Hilo ni kongwa lililopakwa mafuta matakatifu, na naandika haya kwa sababu nimechoka kuona watu wawili walio mstari mmoja, wote na mizigo, wakiitwa kwa jina moja. Kristo alijishusha. Hakuna aliyemshusha kwanza ndipo akahubiriwa kwamba kushushwa ni kuzuri. Paulo anaanza na utukufu aliokuwa nao na ambao hakuung'ang'ania. Ukilikata somo hapo mwanzo, ukaanzia kwenye utumwa, unapata habari nyingine kabisa.

Lakini sikulijua hilo kwa kusoma. Nililisikia siku iliyofuata ile ya tembe, Jumapili ya Matawi, tarehe 31 Machi, chini ya mwembe.

Maandamano yalikwenda vizuri. Ukindu tulioukata ulitosha kila mtu. Katekista mpya alikuwa na sauti nyembamba na alisoma akikimbia, kama anayeogopa kukatizwa. Alipotaja Wafilipi, bibi aliinuka na kigoda chake, kama kila mwaka. Na baba, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma karibu na mlango kwa sababu ya kengele, akainuka akamfuata. Miaka yote alikuwa yeye ndiye anayesoma. Hakuwahi kujua mama yake anafanya nini pale nje.

Nilitoka nyuma yao, nikasimama upande wa pili wa shina.

Bibi hakuwa anafanya kitu. Alikaa ameuelekeza uso kwenye njia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na matone yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye kile kipande cha reli, moja, halafu jingine. Baba alichuchumaa kando yake. Sauti ya kijana ilitujia kupitia dirishani, ikafika kwenye lile neno.

"Yeye aliulizwa," bibi alisema. "Mama yangu hakuulizwa."

"Ndiyo, mama."

"Wewe soma unavyosoma, lakini ujue hivyo. Aliulizwa akakubali. Ndiyo maana nampigia magoti. Angekuwa amekamatwa tu, ningemlilia kama ninavyomlilia mama yangu, nisingempigia magoti."

Baba alinyamaza. Halafu bibi akageuka akamtazama, na nilishtuka jinsi uso wake ulivyokuwa mkali.

"Na wewe? Uliulizwa?"

Nilimwona baba akigusa mfuko wa shati, ile barua bado imo.

"Sikuulizwa," alisema. "Barua ilipokuja sikulala. Nilitaka kwenda mjini kugombana. Nikaona nina haki, na haki ninayo mpaka leo, mama, yule aliyeandika hakunitendea vema. Lakini alfajiri nikajiuliza mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Nikajiuliza, kiti ni changu? Watu ni wangu? Nikakuta napenda watu kuliko kiti. Ndipo nikaenda kufagia."

"Ulijiuliza wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe."

"Na ungejijibu hapana?"

"Ningekwenda mjini."

Bibi alitikisa kichwa, kwa muda mrefu, kama anayehesabu fedha akaikuta imetimia. Ndani sauti ilikuwa imepanda. Lile somo lilishafika kwenye kukwezwa, na watu walikuwa wanasogeza miguu kujiandaa kusimama kwa Mateso.

"Basi niinue," alisema. "Nisije nikachelewa kwa Mkirene."

Baba akapiga magoti yote mawili kwenye tope, akauzungusha mkono wa mama yake shingoni kwake, akanyanyuka polepole, mguu mmoja kwanza, mpaka wakawa wamesimama wote wawili. Mimi nikatoka nyuma ya shina nikachukua kigoda, nikakiweka kichwani bila ngata, nikawafuata.